Mpishi wa Wagonjwa na Miguu ya Mama

Alizaliwa wapi na babu zake walikuwa akina nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimkuta tayari mtu mzima, mwenye mvi kidevuni na kanzu aliyoikata magotini ili isishike moto, amesimama mlangoni mwa jiko la hospitali akimzuia mama mmoja asiingize sufuria ya pilau wodini.

"Mama, pilau yako ni nzuri, nimeisikia harufu tangu getini," alikuwa akimwambia. "Sasa kaile wewe na wanao. Mumeo akiila leo, kesho utapika nyingine ya matanga."

Yule mama alisonya, akageuka na sufuria yake. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba kazi, na kusema kweli nilitaka kugeuka naye.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya misheni, hapo hapo Tabora, zama za Mwingereza, na waliopata kulazwa humo wataijua bila jina. Kwenye daftari la mishahara cheo chake kilikuwa mpishi tu, lakini mjini aliitwa Mpishi wa Wagonjwa, kwa sababu hakuwapikia wote. Waliovunjika miguu na walioumwa na nyoka walipikiwa na wengine. Yeye alipewa wale ambao chakula chao ndicho kilikuwa nusu ya dawa: wa sukari, wa moyo, wa figo, wenye vidonda vya tumbo, na watoto waliovimba nyuso huku nywele zikigeuka nyekundu. Kazi hiyo alifundishwa na sista mmoja wa Kizungu aliyekuwa na kitabu kinene na mizani ndogo ya shaba. Sista aliporudi kwao alimwachia vyote viwili. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na yeye Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa amekihifadhi chote kwa kusomewa, na ukimuuliza jambo alikifungua kwanza, akakitazama kwa heshima, ndipo akujibu.

Nilipata kazi. Nilikuwa mjane, mtu wa Ntalikwa, kijiji cha nje ya mji, nimezoea jembe na jiko la mafiga, na nilidhani kupika nakujua. Siku ya kwanza alinipa ugali niukate vipande vya wagonjwa wa sukari. Nikakata kwa jicho. Akavichukua kimoja kimoja akavipima, akavirudisha vyote mbele yangu.

"Jicho lako lina huruma," akasema. "Huyu umempendelea kwa sababu ni mzee. Huyu umemnyima kwa sababu alikutukana asubuhi."

Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo nilipima.

Mizani ile aliifunika kwa kitambaa safi kuliko leso yake mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kwa mkono wenye unga. Lakini mgonjwa wake alipokaribia kuruhusiwa, mizani iliwekwa kando. Alimkalisha kwenye benchi nje ya jiko na kumwambia akunje ngumi. "Ugali wako wa mchana ni huu, usizidi. Mizani itabaki hapa kwangu. Ngumi utaondoka nayo." Nimewaona wanaume wazima wakitoka getini wamekunja ngumi, wanaitazama, utadhani wameambiwa wasiifungue mpaka wafike Nzega.

Kuhusu watoto alikuwa mkali kwa mama zao. Maziwa ya unga yaliletwa hospitalini kwa magunia, naye alitoa, ila kwa siku chache tu. Kisha aliwapanga akina mama uani, kila mmoja na chungu chake, wapike wenyewe uji wa mtama wenye karanga zilizotwangwa, na maharage yaliyomenywa maganda. Waliolalamika aliwajibu hapo hapo. "Maziwa ya Mzungu utayapata wapi ukifika kwako? Karanga mnalima, mnauza gunia zima, mtoto mnampa maji ya muhogo. Twanga, mama." Alisimama juu yao mpaka uji uive. Mtoto alipocheka kwa mara ya kwanza, maana hao watoto huwa hawacheki kabisa, alikuwa anaingia stoo kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Akitoka macho yake mekundu, analaumu pilipili.

Hapakuwa na pilipili katika stoo ile.

Nikimsimulia hivyo ataonekana malaika, na hakuwa. Aliongea sana, alijisifu, na mfukoni mwa kanzu yake alitembea na kipande cha chumvi ya Uvinza kilichofungwa kwenye karatasi. Huyu aliyewanyima chumvi nusu ya wodi alikuwa hawezi kula hindi la kuchemsha bila kulipaka. Hata hivyo, chakula kisicho na chumvi hakikutoka jikoni kabla hajala kijiko cha kwanza mbele ya mgonjwa mwenyewe, uso umetulia, akitikisa kichwa kwamba ni kitamu. Akishapita mlango alikunja uso kama aliyemeza kwinini.

Udhaifu wake mwingine ulikuwa asali. Huo ulijulikana mji mzima kwa sababu ya mfanyabiashara mmoja wa asali aliyeugua sukari. Mtu huyu alinunua asali kwa warina wa misituni huko Sikonge, na kazi yake yote ilikuwa kuonja: hii imetiwa maji, hii ina moshi, hii safi. Alilia alipoambiwa aache. "Nisipoonja nitaibiwa," akasema. Mpishi akafikiri, akafungua kitabu, akakifunga. "Onja, uteme, usukutue." Mfanyabiashara akatii kabisa. Akawa anasimama sokoni mbele ya debe lake, anaonja, anatema. Wateja wakaona mwenye asali anaitema asali yake mwenyewe, wakakimbia wote. Ikabidi Mpishi wa Wagonjwa aende kuliokoa lile debe. Alisimama pale siku tatu za soko, akiila asali ile kwa kijiko hadharani na kumeza, watu waone kwamba haina kasoro. Wateja walirudi siku ya kwanza. Siku mbili zilizobaki nadhani zilikuwa zake mwenyewe.

Sasa nije kwenye salamu yake, maana ndiyo inayonifanya niandike. Mgonjwa akimpa shikamoo alijibu marahaba, na papo hapo akaunganisha: "Jana ulikula nini?" Hakuuliza hali. Huku mgonjwa akijieleza, yeye ameshainama, dole gumba limebonyeza mguu juu ya kifundo, na akiliondoa anahesabu kimoyomoyo mpaka shimo lijae. Shimo likichelewa kujaa alinyanyuka taratibu. "Mdomo wako unaniambia jingine na mguu wako unaniambia jingine. Chumvi umekula." Mgonjwa akikana, anaitwa mwongo mbele ya wodi nzima. Wengi walikiri. Wachache walikana mpaka mwisho, na hao aliwakasirikia kweli kweli.

Mmoja wa waliokana alikuwa mama yangu.

Mama aliletwa kutoka Ntalikwa kwa machela. Miguu yake ilikuwa imejaa maji mpaka magotini, na hakuweza kulala chali. Alikuwa akilala ameketi, ameegemea gunia la karanga, anapumua kwa kukatakata. Daktari Mzungu alisema moyo umechoka. Akapigwa sindano ya kukojoza, na Mpishi akampikia kwa mikono yake. Baada ya wiki tatu miguu ilinywea, akatembea mwenyewe hadi getini. Aliondoka na ngumi yake na amri moja: asile chumvi. Miezi miwili baadaye alirudi amejaa tena. Tukamtibu, akanywea, akarudi nyumbani. Akajaa tena. Safari hiyo daktari aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka kwamba moyo ule hautastahimili mara nyingine. Miguu ikijaa tena, tusitegemee kumtoa.

Nilifanya yale ambayo binti mwenye hofu hufanya. Nilikwenda Ntalikwa, nikaibeba chumvi yote ya nyumba nikaihamishia kwangu mjini. Nikawaambia majirani atakayempa mama yangu chumvi ananiulia mzazi. Nikapekua kibanda chake, mitungi, vikapu, hadi chini ya kitanda. Mama aliketi mlangoni ananitazama. "Mwanangu," akasema, "leo unanipekua mimi?" Nikaendelea kupekua. Nilikuwa namwona mwongo, nami ni mtoto wake, na mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Wiki chache baada ya kuruhusiwa mara ya tatu, nikamwona vifundo vimeanza kupotea. Nilirudi jikoni nikilia. Mpishi wa Wagonjwa aliivua kanzu yake ya kazi, akachukua baiskeli.

"Naenda kumkamata," akasema. "Leo atanionyesha anapoificha."

Nilimfuata kwa miguu, na nilipofika Ntalikwa nilimkuta ameketi kwenye kigoda ndani ya jiko la mama, magoti yamefika kidevuni, hana raha.

"Mwangaluka, mayo," alikuwa ameshamwamkia kwa Kinyamwezi, ambako mayo ni mama, kwa adabu zote, na mama alikuwa ameshamkaribisha chakula. Ameshakula. Ugali wa mtama na mlenda. Na ulimi ule uliojua chumvi hata ya punje moja haukuona kitu.

"Chumvi hamna," akaniambia, amechanganyikiwa. Akamgeukia mama. "Mayo, nakuomba unipikie tena. Kuanzia mwanzo. Nikiwa nakuona."

Mama alicheka. "Baba, hukushiba?" Lakini akainuka, akajishika kiuno, akabandika chungu. Maji yakachemka. Akatia majani ya mlenda yaliyokaushwa. Kisha akanyoosha mkono kwenye kibuyu kidogo kilichoning'inia ukutani, akachota kwa vidole vitatu unga wa kijivu, na alipotaka kuudondosha, Mpishi akapiga kelele.

"Simamisha mkono hapo! Hicho nini?"

"Magadi," mama akajibu, ameshtuka. "Magadi tu, baba. Mlenda utateleza vipi bila magadi?"

"Unatia kiasi gani?"

"Zamani kidogo. Siku hizi naongeza. Mboga isiyo na chumvi imepooza, nanyi mmesema chumvi nisile, nami sijala. Basi nachangamsha kwa magadi. Kwenye maharage pia, na kisamvu."

Msomaji wa kwetu ananielewa. Hakuna mwanamke wa Unyamwezi ambaye jiko lake halina magadi. Yanalainisha maharage, yanautelezesha mlenda, na hakuna aliyewahi kuyaita chumvi. Mimi mwenyewe nilipopekua nyumba nilikishika kile kibuyu, nikakifungua, nikakifunga, nikakirudisha ukutani. Sikukiona.

Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua alizungumza polepole sana. Sista alikuwa amemfundisha, akasema, kwamba Mzungu mwenye moyo mbovu asipewe mkate uliochachushwa kwa magadi ya dukani, kwa sababu ndani ya magadi mmejificha kitu kile kile kilicho ndani ya chumvi, kile kinachoyashika maji mwilini. Miaka yote alikuwa akiwaokea Wazungu wawili watatu mikate isiyo na magadi. Na miaka hiyo hiyo aliwarudisha watu makwao wakale mlenda, maharage na kisamvu, akawaambia neno moja tu, chumvi.

"Nilijua kwa mkate wao," akasema. "Kwa mboga yetu sikuuliza."

Kisha mtu huyu mwenye majivuno aliondoka kwenye kigoda, akapiga magoti pale pale penye majivu. "Mayo, nilikuita mwongo mbele za watu. Nisamehe."

Mama hakujua aweke wapi mikono. "Inuka, baba, utachafua nguo." Akanitazama mimi. Nami nikapiga magoti.

Kibuyu nacho kilihamia kwangu mjini, kikakaa pamoja na ile chumvi. Jioni ile ile Mpishi alibaki na mama kutafuta namna nyingine: maharage yalowekwe tangu jana yake na yapikwe kwa moto wa subira, kisamvu kitwangwe zaidi, mlenda ukolezwe kwa karanga na kukamuliwa ndimu. Mama aliuonja akasema hautelezi inavyotakiwa. Akaonja tena, akasema basi, atauzoea. Wiki ya kwanza nilikwenda kila siku kumbonyeza mguu. Wiki ya tatu mfupa wa kifundo ulionekana. Miezi miwili ikapita, ile miezi miwili tuliyoiogopa, na siku moja nilimkuta hayupo nyumbani. Alikuwa amekwenda kanisani kwa miguu yake, bila kumwambia mtu.

Ningeishia hapo kama ningekuwa nasimulia habari za mama. Lakini Mpishi hakutulia. Alikaa na daftari la wagonjwa siku nzima, akinisomesha majina, na kila nilipotaja mtu wa moyo au figo aliyerudi amevimba alisema, "Mwongo," kwa sauti ndogo, akimaanisha nafsi yake. Kila mapumziko yake ya juma alipanda baiskeli kwenda vijijini kuwatafuta. Wengi aliwakuta hai, na vibuyu vyao ukutani. Mmoja hakumkuta. Alikuwa fundi wa reli wa Kaliua, aliyekana chumvi mpaka mwisho na aliyefia wodini kwetu. Mpishi alipanda gari moshi hadi Kaliua kumwona mjane wake. Aliporudi alipika siku mbili bila kujisifu, jambo ambalo jiko lile halikuwahi kuliona. Siku ya tatu, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia.

"Nilimweleza yote. Akanisikiliza. Akasema mumewe alifurahi siku alizokuwa anapikiwa maharage laini. Akasema, kumbe hakuwa mwongo. Akalia, halafu akanipikia."

"Ukala?"

"Nikala. Ningekataaje?"

Tangu hapo hakumwita mgonjwa mwongo tena, hata aliyedanganya waziwazi. Salamu yake ikaongezeka. "Jana ulikula nini?" Mgonjwa anataja ugali na mboga. "Na kingine?" Anataja uji. "Na kingine? Mboga mliitia nini? Na kingine?" Akawa anauliza hivyo taratibu, bila kukunja uso, mpaka mtu anabaki hana la kutaja, na ndipo anapotaja kile ambacho hata yeye hakukihesabu kuwa chakula. Wauguzi walimwiga kwa mzaha. Baadaye wakawa wanauliza hivyo hivyo bila mzaha, na daktari naye akaanza.

Alistaafu macho yalipomwishia nguvu. Mizani aliniachia mimi, pamoja na kitambaa chake. Uhuru ulikuwa unanukia, mji umejaa mikutano na nyimbo, tuliposikia kwamba yeye mwenyewe amepatikana na sukari. Mama aliposikia alisema lazima twende. Tulitoka Ntalikwa asubuhi, yeye na kikapu chake kichwani, nami nyuma.

Tulimkuta barazani kwake, amekonda, kofia imemzidi kichwa. Alituamkia kwa furaha, akainama upesi kumbonyeza mama mguu kwa mazoea, akahesabu.

"Hakuna hata shimo la kuhesabu," akasema.

Mama alifungua kikapu. Alikuwa amemletea mlenda wa karanga usio na magadi, na ugali wa mtama wa kiasi cha ngumi. Ngumi ya nani sikuuliza. Alimtazama akila. Alipomaliza, mama alijifuta mikono kwenye kanga, akamsogelea.

"Baba, jana ulikula nini?"

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. "Uji, mayo. Na mchicha."

"Na kingine?"

"Kipande cha ugali."

"Na kingine?"

Alitazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita. "Kijiko kimoja cha asali."

"Na kingine?"

Akaivuta kofia ikamfunika macho. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya kanga nisicheke.

"Viwili," akasema Mpishi wa Wagonjwa. "Vilikuwa viwili, mayo. Chupa iko nyuma ya mtungi."

Mama hakumgombeza, wala hakumwita jina lolote. Aliingia ndani, akatoka na chupa, akaitia kikapuni na kukifunika. "Nitakuja tena Jumapili baada ya misa," akamwambia, "nami nitauliza." Akajitwika kikapu, akashika njia ya Ntalikwa kwa mwendo wa haraka. Nilimfuata nyuma njia nzima, asali ya mzee kichwani mwake na vumbi miguuni, na sikuondoa macho kwenye ile mifupa miwili ya vifundo vyake.